Shukrani kwa Kijana wa Langoni Amaan

Tarehe 12 Agosti 2025 nilivuka kutoka Pemba na baba yangu mzazi, ambaye anatembea kwa mkongojo, ili azione kwa macho yake timu za Sudan na Nigeria katika Uwanja wa Amaan, Unguja, kwenye CHAN, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani. Langoni watu walisongamana mno, mzee akaishiwa pumzi, nami nikaanza kumshawishi turudi.

Ndipo kijana mmoja, ambaye kwa aibu yangu sikumuuliza jina, alipomwamkia baba, akamkalisha kwenye kiti alichokiazima kwa muuza kahawa, akaenda kuzungumza na askari hadi tukapitishwa mlango wa pembeni, kisha akamshika mkono ngazi kwa ngazi. Alimwachia nafasi yake ya kukaa, yeye akasimama hadi mwisho. Nilipotaka kumpa chochote alikataa, akaomba dua tu.

Sudan ilishinda mabao 4-0. Baba, aliyezoea kusikiliza mechi redioni, hadi leo anatuonesha kwa mkongojo wake namna mabao yalivyofungwa, nasi humwachia.

Mwanangu, dua unaombewa. Nanyi mnaokwenda uwanjani, mkimwona mzee amekwama langoni, msimpite.