Maembe yaanguliwe, yasipopolewe

Kwa Mhariri,

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, msimu mkubwa wa maembe huwa umeshika hapa pwani, na familia za mjini huomba kwenda mashambani, Ganda, Kakuyuni, Gede na kwengineko, wakaangue wenyewe. Twaliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Watoto huona chakula kinakotoka, na embe linalouzwa chini ya mwembe wake halipiti kwa dalali. Lakini mgeni akiingia na gongo, akapopoa, akaacha chini matunda mengi kuliko aliyobeba, mwenye shamba hufunga lango, na ana haki.

Gongo lina madhara mawili. Embe lililopigwa au kuanguka huonekana zima siku hiyo, kisha baada ya siku 3 au 4 doa jeusi huingia mpaka ndani na tunda zima likaoza, likaozesha na jirani zake kikapuni. La pili ni kwamba gongo huvunja ncha za matawi, na mwembe hutoa maua yake nchani. Ncha iliyovunjwa Desemba ni maembe yaliyopungua msimu ujao.

Kinachotakiwa ni ufito wa kuangulia, na kuutengeneza si kazi. Tafuteni mwanzi mwepesi wa mita 3 au 4. Juu yake fungeni duara la waya mnene, upana wa sentimita 20 hivi, na upande wa mbele mkunje waya ufanye pembe nyembamba ya kunasa kikonyo. Shoneni chini yake mfuko wa wavu wenye kina cha sentimita 30. Mfuko ukiwa mfupi, embe la pili huruka nje. Ukiwa mrefu, watu hutaka kuujaza, ufito ukapinda na matunda yakamwagika. Mawili yakiingia, shusheni. Ufito huu watosha kwa miembe mifupi iliyopandikizwa, na huko ndiko watoto wapelekwe. Ile miembe mikubwa ya kale waachiwe wakwezi wa shamba, hasa mvua ikiwa imenyesha, kwani gome lake huteleza.

Utomvu ndio unaowaharibia watu safari. Kikonyo kikikatika karibu na tunda, hufoka kwa nguvu, na asubuhi mapema hufoka zaidi kwa sababu mti umejaa maji. Ukigusa ngozi ya embe huiunguza ikawa na michirizi myeusi. Ukigusa ngozi ya mtu huleta muwasho na malengelenge, na kwenye nguo doa halitoki. Kwa hiyo nendeni jua likishapanda kidogo, mvae nguo kuukuu za mikono mirefu, na kila embe lishuke na kipande kirefu cha kikonyo. Kisha kaeni kivulini, mkate kwa mkasi mkibakisha sentimita 1, na papo hapo mligeuze tunda kikonyo kikiangalia chini, juu ya fito mbili zilizolazwa sambamba, litirike kwa nusu saa. Msiliweke mchangani, mchanga huganda kwenye utomvu. Aliyerukiwa aoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi. Ukiingia jichoni, ni maji safi tu, dakika 15 au zaidi, halafu zahanati. Wala watoto wasimenye embe kwa meno: midomo inayovimba baada ya safari hizi mara nyingi hutokana na maganda.

La kuangua ni lipi? Hapa wengi hudanganyika na rangi. Embe la Apple, ambalo inaaminika asili yake ni huku huku Malindi, huwa jekundu upande unaopigwa na jua hata likiwa changa. Tazameni mabega: embe lililokomaa mabega yake hujaa yakapanda juu ya mahali kikonyo kinaposhikia, na mashavu huwa mviringo. Ngowe, refu na lenye mdomo, litazamwe mabega vivyo hivyo. Mkiwa na shaka, pasueni moja tu la mti huo. Nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa imeanza umanjano, anguweni. Ikiwa nyeupe, acheni mti. Embe changa likivunwa hunyauka badala ya kuiva, na kazi yake ni achari au kuliwa na chumvi na pilipili.

Kabla ya kuinua ufito, tazameni juu. Majani yaliyoshonwa pamoja kama mfuko ni kiota cha majimoto, sisimizi wekundu wa mitini. Msikichome wala msikipige. Wanauma kweli, lakini hao ni walinzi wa mwembe, hufukuza nzi wa matunda. Nendeni mti wa pili. Vilevile huku kwetu yuko nyoka wa kijani wa mitini mwenye sumu kali, anayependa majani mazito ya miembe na mikorosho. Akionekana, watu warudi nyuma, waitwe watu wa shamba, na mti huo uachwe siku hiyo.

Sasa nzi wa matunda, ambao ndio wanaotunyima usingizi. Aina iliyotoka Asia iligunduliwa Kenya mwaka 2003, na ni kwa sababu ya nzi hawa nchi ilijizuia yenyewe mwaka 2014 kupeleka maembe Ulaya, mpaka 2021. Nzi jike hutoboa ngozi na kutaga ndani. Utaona kitone kidogo kama cha sindano, pengine na utomvu uliokauka, na pembeni pamelegea. Funza wakishakua hutoka, wakaingia udongoni na kugeuka nzi wapya. Kwa hiyo embe bovu halitupwi kichakani wala halirudishwi chini ya mti, na zaidi ya yote halibebwi mpaka kwenye mwembe wa nyumbani. Lizikwe futi 2 chini. Zile chupa zinazoning'inia matawini ni mitego yenye dawa, watoto wasizishike.

Kwa wenye mashamba tuna maombi. Andikeni langoni tarehe ya mwisho ya kupiga dawa na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, na kama hazijaisha, msiingize mtu. Wekeni maji na sabuni. Wekeni mizani, muuze kwa kilo: ndoo humfanya mnunuzi ashindilie, na embe lililoshindiliwa ni hasara yake. Kilo 1 ni kama maembe 3 ya Apple, basi familia ikitaka 20 ijue itachukua kilo 6 au 7.

Safari ya kurudi itumie kreti au katoni, tabaka 2 au 3, si gunia. Gari lisiachwe juani limefungwa. Nyumbani yakunjwe kwenye magazeti pamoja na ndizi mbivu, mahali pakavu penye hewa. Kwa joto letu huiva kwa siku 5 hadi 8. Friji ni kwa yaliyokwisha kuiva tu, kwa sababu bichi likipata baridi hiyo hubaki na madoa na halipati utamu.

Watakaokosa Desemba wana msimu mdogo, kati ya Mei na Julai. Mvua huwa imenyesha, matunda huwa na madoa meusi ya ukungu zaidi, basi wachague kwa makini na wayale mapema.

Wakulima wa maembe,
Malindi