Urari umelingana, lakini vitabu viko sawa?

Wateja wa Kisumu tunaowatunzia vitabu vya hesabu, kuanzia wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kondele hadi wauza samaki wa Dunga, huuliza swali moja mwezi unapoisha: "Hesabu zimelingana?" Tukijibu ndiyo, wanashusha pumzi na mazungumzo yanaishia hapo. Tungependa waulize zaidi.

Urari ni orodha ya akaunti zote za leja (daftari kuu la hesabu) pamoja na salio la kila moja siku fulani, tuseme tarehe 31 Desemba. Kila muamala huandikwa mara mbili, debiti (upande wa kushoto) katika akaunti moja na krediti (upande wa kulia) katika nyingine, kwa hiyo jumla za pande mbili hazina budi kuwa sawa. Chukua duka dogo. Upande wa debiti kuna pesa taslimu na benki 85,000, manunuzi 310,000, kodi ya duka 60,000, wadaiwa 45,000 na rafu 70,000. Upande wa krediti kuna mtaji 180,000, mauzo 340,000 na wadai 50,000. Kila upande unafika shilingi 570,000.

Zisipolingana, usikubali tofauti ibandikwe kwenye akaunti ya muda halafu mwaka ufungwe. Tarakimu zenyewe mara nyingi huonyesha pa kutafuta. Igawanye tofauti kwa mbili na utafute kiasi hicho: huenda malipo ya 4,000 yaliingia upande usio wake, yakaleta tofauti ya 8,000. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. 63,000 ikiandikwa 36,000 huacha tofauti ya 27,000. Pia kagua kama kuna muamala ulioandikwa upande mmoja tu.

Hayo ni makosa mepesi kwa sababu yanajitangaza. Yanayotunyima usingizi ni yale yanayopita kimya.

Muuza samaki ananunua friji ya shilingi 65,000, nayo inaandikwa kwenye manunuzi pamoja na mbuta na ngege. Ni debiti, iko upande wa debiti, urari unalingana. Lakini gharama ambayo ingegawanywa katika miaka yote friji itakayotumika imebebeshwa mwaka mmoja, faida imeshuka, na friji yenyewe haionekani popote kwenye mali ya biashara. Akienda benki kuomba mkopo, ataonekana maskini kuliko alivyo.

Au mteja analipa deni, malipo yanaingia kwenye akaunti ya mteja mwingine. Huku kwetu, ambako daftari moja la madeni linaweza kuwa na akina Otieno kadhaa, hili ni rahisi kutokea. Urari hausemi lolote, na aliyelipa anaanza kudaiwa upya. Ndivyo wateja wazuri wanavyopotea.

Baya zaidi ni muamala ambao haukuandikwa kabisa. Mnunuzi anatuma pesa kwa simu ya mwenye duka badala ya Lipa na M-Pesa ya biashara, nazo zinalipa karo siku hiyohiyo. Hakuna debiti, hakuna krediti. Urari utalingana kana kwamba mauzo hayo hayakuwepo, ilhali bidhaa zimetoka rafuni.

Kwa hiyo baada ya urari sisi huweka taarifa za M-Pesa na za benki kando ya daftari la fedha na kulinganisha mstari kwa mstari. Kisha tunahesabu bidhaa zilizobaki dukani, na kuthibitisha madeni na wadaiwa wakubwa. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko urari wenyewe, na ni vigumu kuifanya vizuri mtu anapotuletea mfuko wa risiti za mwaka mzima mwishoni mwa Juni, wakati ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, zinatakiwa tarehe 30.

Tuletee kila mwezi: taarifa ya M-Pesa ya biashara, ya benki, risiti za manunuzi, daftari la madeni, na orodha ya pesa ulizotoa kwa matumizi ya nyumbani, hata zile ndogo. Risiti tutakurudishia. Zihifadhi, kwa kuwa sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.