Barua ya wazi kwa kina mama wa vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vya soko la samaki la mwaloni, Mwanza

Mwangaluka, wanangu.

Kwenye kikao kilichopita mwenzetu aliomba mfuko wa jamii wa kikoba umsaidie nauli ya kumpeleka binti yake kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Bugando. Katibu akafungua daftari la katiba akasoma: mfuko hutoa kwa msiba, kwa uzazi, na kwa mtoto aliyelazwa. Binti halazwi. Anaonwa, anapewa dawa na tarehe ya kurudi, basi. Mama wa watu akakunja kadi ya mtoto, akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kugeuza dagaa wake. Katiba ile tuliiandika wenyewe tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Haikushushwa na malaika.

Ugonjwa huu hauishi kwa safari moja. Mara nyingi daktari huanza na dozi ndogo, anaipandisha polepole huku akiuliza mtoto analalaje, anakulaje, shuleni vipi. Kila kurudi ni nauli ya watu wawili na siku nzima bila mauzo. Anayetoka Ukerewe ndiyo kabisa: akiikosa meli ya kurudi, atafute pa kulala mjini. Hela inakata, dawa zinakatika, hali inarudi, halafu mtaa mzima unasema hospitali imeshindwa.

Najua wapo watakaosema mtoto ana majini, au amerogwa. Sigombani na maombi ya mtu. Ila mbuzi wa mganga huwa anapatikana hata kwa mkopo, na sijasikia katibu akimfungulia mtu katiba kwa ajili ya mbuzi. Ombeni, na hospitali mwende. Anayewaambia mwache dawa ili maombi yafanye kazi, mkimbieni. Na mtoto hafungwi kamba.

Wa umri wangu mnakumbuka Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama. Tulizika Igoma, tukalia, tukapika, tukachanga. Watoto waliobaki bila wazazi tuliwatafutia sare na pa kuishi. Nani aliwauliza usiku wanaota nini? Siku hizo hatukuwa na pa kuwapeleka tunapopajua. Leo tunapajua, na Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, nusu kabla ya miaka 18. Yaani yanaanzia mikononi mwetu, si kwa mtu mzima anayeokota makopo sokoni.

Njia yenyewe ni hii. Anzieni zahanati au kituo cha afya, muombe barua ya rufaa, hasa wenye bima. Sekou Toure ni hospitali ya mkoa, Bugando ni ya kanda. Msiogope kuulizia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini. Habari za msamaha wa gharama huanzia kwao. Bebeni daftari la shule, la mwaka jana na la sasa, daktari aone mwandiko ulivyobadilika. Semeni lini aliacha kucheza na wenzake, lini alianza tena kukojoa kitandani. Kama anaanguka kifafa, mmoja amlaze ubavu, mwingine arekodi kwa simu, maana akifika kwa daktari haanguki. Kifafa nacho hutibiwa, na dawa zake hazikatwi ghafla hata akionekana amepona.

Mtoto akisema anataka kufa, msimchape wala msimwambie anadeka. Muulizeni waziwazi, kumuuliza hakumpi wazo. Ondoeni sumu ya panya na dawa za shamba ndani, asiachwe peke yake, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure.

Sasa kikao kijacho. Nataka neno "aliyelazwa" lifuatiwe na "au anayehudhuria kliniki", na mfuko ulipe nauli ya mtoto na ya anayemsindikiza. Tena mama asilazimishwe kusimama mbele yetu sote kutaja ugonjwa wa mwanawe. Amwonyeshe mweka hazina kadi yenye tarehe, yatoshe. Siku ya kliniki, wa meza ya jirani amgeuzie dagaa na amuuzie, hilo halihitaji hata katiba.

Mnaosema mfuko utakauka, njooni na hesabu. Mimi nitakuja na ya kwangu: kwenye msiba tunatoa hela ya turubai, ya sahani za kukodi na ya gari la matarumbeta. Tuanze kupunguza hapo kwenye matarumbeta.

Bibi yenu wa meza ya mwisho, karibu na mizani.