Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Watengenezaji Wadogo wa Maji ya Chupa, Mombasa

Wanachama wenzangu, assalam aleikum na hamjambo. Mkutano wa Machi tulifanya, semina ya usafi tukafanya Changamwe, leseni za kaunti wengi washapata, hayo mnayajua sitawachosha.

Niingie kwa hili la ushuru wa bidhaa maanake maneno yamekuwa mengi. Wenzetu watano waliletewa na KRA, mamlaka ya ushuru, makadirio ya kodi ya milioni 3 na laki 4, na hesabu ilipigwa vibaya, stempu zote za ushuru walizonunua, zile za kubandika kwa chupa, zikahesabiwa ni chupa zilizouzwa. Mwenzetu wa Kisauni ana mabunda ya stempu yaliyoloa mpaka yakagandana, na chupa zilizopasuka kwa mashine stempu ikiwa bado iko kwa kifuniko. Hizo hazikutoka hata mlangoni!

Sasa nalaumiwa ati nilitoa laki 1 na elfu 80 za chama, kumlipa mhasibu na kujazia ile sehemu tuliyokubali wenyewe kuwa tunadaiwa. Mnauliza, unapinga vipi huku unalipa? Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, kifungu cha 51, iko wazi: pingamizi ni ndani ya siku 30, useme unapinga nini na kwa nini, uweke na karatasi zako, na ule ushuru usioubishia uwe umeulipa au mmeelewana utaulipa vipi. Bila hivyo pingamizi halisimami. Na siku zilikuwa zinayoyoma, ningeitisha mkutano angekuja nani? Agosti tulikuwa watu 11 kati ya 43. Mimi ndo nilikesha na mhasibu tukipanga stempu zilizoharibika namba kwa namba, na picha, na rekodi za uzalishaji, sikudai hata nauli ya tuktuk.

Jibu la KRA likaja ndani ya zile siku 60 za kisheria, madai yakashuka mpaka laki 9. Laki 25 zimefutwa jamani! Wawili bado hawajaridhika na wana siku 30 za kwenda Jopo la Rufaa za Ushuru, mimi niko nao.

Ada sasa. Waliomaliza ni 17 tu, na katika hao watano tuliowapigania wawili hawajatoa hata shilingi. Inaniuma sana.

Mwaka ujao inshallah tutafute ofisi na pengine mhasibu wetu. Stempu ikiharibika usitupe, andika namba na tarehe, weka. Ada zimfikie mweka hazina kabla ya mkutano ujao.