Mafundi, acheni kupimia stima na bulbu ya LED

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu wa stima hapa Uganda, na pia wenye vinu na gereji, maana kuna jambo limeingia polepole na linaunguza mota za watu. Taa ya kupimia, ile bulbu kwenye holda yenye nyaya mbili, siku hizi mafundi wengi wanaifunga LED kwa sababu ndiyo imejaa madukani. LED haifai kabisa kwa hiyo kazi.

Hapa Busia kuna kinu cha posho mota ilikuwa inaunguruma tu haizunguki, fundi akaitwa, akashika waya mmoja wa taa kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha stima, mwingine akagusa faze ya kwanza kati ya zile nyaya tatu zinazoleta stima, ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu ikawaka, akasema stima ipo yote, shida ni beringi, wakazidi kuwasha kwa nguvu mpaka moshi ukatoka. Kumbe fyuzi ya faze moja ilikuwa imekatika kwenye nguzo! Sasa faze iliyokufa iliwashaje taa? Stima ilikuwa inarudi kupitia waindingi za mota yenyewe, yaani nyaya zilizosukwa ndani yake, na kwa mota iliyofungwa kwa star (waindingi tatu zimekutana sehemu moja) kwenye faze iliyokufa utakuta kama volti 120, yaani nusu ya 240 zetu. LED nyingi za sasa zimetengenezwa zifanye kazi kuanzia kama volti 85 hadi 265, kwa hiyo kwa 120 inawaka vizuri tu kana kwamba hakuna shida. Bulbu ya zamani, ile yenye waya ndani, kwa 120 inatoa kama sehemu moja ya kumi ya mwanga wake, unaona waya mwekundu kama kaa linalozimika na hapo fundi yeyote angeshtuka. Mota ya watu ingepona.

Tena LED inadanganya hata upande wa pili. Waya ambao haujaunganishwa popote, ukipita karibu na waya wenye stima, unaweza kuifanya LED ing'ae kidogo ukadhani una moto. Bulbu ya waya ya wati 60 inakula robo ampea, stima ya kuazima namna hiyo haiiwashi.

Basi tutumie bulbu za waya, na ziwe mbili, zimefungwa moja baada ya nyingine kwenye laini moja. Kati ya faze na faze kuna volti 415, bulbu moja ya 240 hapo inaweza kukupasukia usoni. Zote mbili ziwe wati sawa, la sivyo ile ndogo inabeba volti nyingi inaungua. Weka fyuzi kwenye waya, funika bulbu, na chuma cha kugusia kibaki kidogo tu nje.

Kwa wale wanaotafuta faze za laini mbili kabla ya kuziunganisha: taa ikikaa giza ni faze moja, ikiwaka ni faze tofauti. Lakini giza pia ni bulbu iliyoungua, na ukiunganisha kwa giza la uongo unapiga shoti ya 415 mkononi mwako. Kwa hiyo gusa kwanza mahali unapojua kuna stima, pima, halafu rudi uguse palepale tena.

Kupima athi, ule waya wa usalama unaoenda ardhini, kwa taa, waya mmoja kwenye faze na mwingine kwenye bodi ya chuma ya mashine, hiyo mimi napinga. Athi ikiwa imekatika taa haiwaki, lakini ile bodi yote sasa ina stima kupitia taa yako na mtoto wa jirani ameiegemea.

Wanaotoa vibali vya mafundi, ERA, mamlaka ya kusimamia stima Uganda, naomba hili liulizwe kwa vitendo mtu anapoomba kibali, na wenye maduka tafadhali msiache kuleta bulbu za waya, sisi bado tunazihitaji.

Fundi stima,
Busia, Uganda