Barua ya wazi kwa Waziri wa mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: Kofia yangu na nasaba yake

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Mimi ni muuza kofia. Pale Mkunguni, mbele ya ngome, wazee na vijana wamekuja na hoja mpya, na kwa kuwa dhamana ya mambo ya Jumuiya iko mikononi mwako, nimeona uisikie mapema.

Wanasema Jumuiya ya Afrika Mashariki tuiache. Wanaosema hivyo si wajinga. Sarafu moja tuliahidiwa ifikapo 2024. Sasa inatajwa 2031. Shirikisho la kisiasa limo ndani ya mkataba uliotiwa saini 1999, na mwaka 2017 marais wakaona tuanze na muungano mwepesi zaidi kabla ya kufika huko. Huo nao bado tunaungoja. Basi, wanauliza, kwa nini tusitoke kama Waingereza walivyotoka Umoja wa Ulaya, tukabaki na biashara huru peke yake? Eneo Huru la Biashara la Afrika lipo, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuliridhia, mwaka 2018. Kila nchi na bendera yake, mizigo ipite.

Nilikuwa mmoja wao, tena mwenye sauti. Kofia ndiyo iliyonigeuza.

Mwaka jana nilivuka mpaka wa kusini na kofia kumi na mbili za mkono, nazipeleka Tanga kwenye harusi. Moja ilishonwa na bibi mmoja wa Mkomani aliyekaa nayo karibu miezi minne, kitobo baada ya kitobo, kila kimoja kikizungushiwa uzi kwa sindano. Afisa wa forodha akaichukua hiyo hiyo, akaizungusha kidoleni. "Hizi si za China?" Nikaigeuza ndani nje nikamwonyesha: ya mashine, uzi wake kwa ndani unakimbia mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hii kila kitobo kina fundo lake. Akatazama sana. Kisha akaniuliza, "Na kitambaa umekitoa wapi?"

Nikanyamaza. Kitambaa kimetoka India, Mheshimiwa. Uzi nao haukuzaliwa Lamu.

Sisi watu wa Lamu tunajua kuulizana nasaba. Posa haijibiwi kabla babu wa babu hajatajwa. Sikujua kuwa kofia nayo huulizwa. Niliporudi nikamwendea jamaa yangu, wakala wa kupitisha mizigo, akanieleza hadi nikaelewa. Katika umoja wa forodha nchi zote hutoza ushuru mmoja kwa kitu kitokacho nje. Kwetu sisi bidhaa nyingi zilizokamilika hulipa 25%, na tangu Julai 2022 nyingine hulipa 35%. Kikishalipa mlangoni, hakuna haja kubwa ya kukiuliza tena kimetoka wapi. Katika eneo la biashara huru kila nchi hubaki na ushuru wake kwa wageni. Ndipo kila mzigo unapolazimika kutaja nasaba kila mpaka, la sivyo mjanja atapitishia mali ya China kwenye nchi yenye ushuru mdogo kisha aivushe kwa jirani.

Nikamuuliza: mbona mimi nimeulizwa, na umoja wa forodha tunao tangu 2005? Akacheka. Kwa sababu huo umoja wenyewe una matundu, akasema. Kila mwaka bajeti ikikaribia, serikali zetu huomba ruhusa ya kutoza ushuru wake tofauti kwenye bidhaa fulani, na jirani huanza kushuku mizigo ya mwenzake. Basi hapo tulipolegeza ndipo niliposimamishwa mimi. Na dawa tunayoandikiwa pale Mkunguni ni kulegeza zaidi.

Waingereza hao tunaowaiga, watazame. Walipiga kura Juni 2016, 51.9% wakataka kutoka, na mkataba wao mpya wa biashara ulipoanza Januari 2021 haukuwa na ushuru wala kikomo cha mizigo. Ukiusoma utasema wamepata tulichokuwa tukikitaka Mkunguni. Lakini mwezi huo huo wauza kamba wa baharini wa Scotland, wazoefu wa kufikisha mzigo Ufaransa ukiwa mbichi, walikwama kwenye vyeti vya afya na fomu za forodha, hata wakapeleka malori yao London kuandamana. Pipi zilizotengenezwa Ujerumani, zikaingia Uingereza, zikitaka kuvuka kwenda Ireland zikaonekana hazina nasaba ya Kiingereza. Swali langu la kitambaa, hilo hilo.

Watu wa Norway wana njia nyingine. Walikataa kuingia Umoja wa Ulaya mara mbili, 1972 na 1994, lakini wamo katika soko lake. Huchangia fedha, hufuata sheria za soko hilo, na zinapopigiwa kura wao hawana kura. Tena hawamo katika umoja wa forodha, kwa hiyo lori litokalo kwao kwenda Sweden bado lina shughuli za forodha. Kwa nchi yenye mafuta yao pengine si neno.

Sikuombi shirikisho. Rais mmoja wa nchi zote hizi anaweza kungoja hadi wajukuu zangu waote ndevu, nami sitalalamika. Wala simwambii mtu kuwa kutoka haiwezekani: mkataba unaruhusu, theluthi mbili ya Bunge na taarifa ya miezi kumi na miwili. Ninachokuomba, msichanganye vitu viwili. Shirikisho liwekeni kando mkipenda. Umoja wa forodha na soko la pamoja msiviguse, ila kwa kuziba matundu. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, mpaka wa Tanzania ulifungwa hadi 1983, na ami yangu baharia alifanya hesabu ya miaka hiyo mpaka alipokufa.

Na mlango wetu wa kaskazini je? Somalia imeingia Jumuiya mwaka 2024. Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa mipaka yetu nayo itafunguliwa kwa awamu, kisha ikaahirishwa kwa ajili ya usalama. Hilo nalielewa, sisi ndio tuliozika waliouawa. Ila watu wa Kiunga, kule karibu na mpaka, wangependa kuambiwa udugu wa kwenye karatasi utafika lini ufukweni.

Kuna cheti rahisi cha uasili, yaani cha kutaja mzigo umetoka wapi, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Siku ile mpakani hakuna aliyenitajia. Waagize maafisa wakitaje wao kwanza, kabla hawajaulizwa na mtu asiyejua kuwa kipo.

Kofia kumi na moja zilifika harusini. Ile ya bibi ililala mpakani kama sampuli, nikarudishiwa asubuhi ikiwa imeandikwa namba kwa kalamu ya wino, ndani, juu ya mafundo. Nimeiosha mara tatu. Kila nikipita Mkomani bibi huniuliza bwana harusi ilimkaa vipi, nami humwambia ilimkaa vizuri.

Wako,
Muuza kofia, Langoni, Lamu