Hao si viroboto wa maji

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya, ila ile ripoti yenu iliyowaita wadudu wadogo wanaoruka juu ya maji "viroboto wa maji", na kushauri wauawe kwa sabuni au mafuta ya taa, imenishinda. Viumbe waliopigwa picha ni kolembola, vijidudu wasio na mabawa wanaoruka kwa kujifyatua, wa jenasi ya Sminthurides. Hawaumi, hawanyonyi damu, na hawana kinywa cha kutoboa ngozi.

Makao yao ni uso wa maji yaliyotulia: madimbwi, mitaro, vinamasi, hasa pembezoni penye mimea midogo inayoelea. Hapo hula mwani na chavua. Jike hufikia milimita 1 hivi, dume ni mdogo zaidi. Kwa lenzi ya kukuza mara 10, mwandishi wenu angeona dume amemng'ang'ania jike kwa vipapasio vyake, naye jike anatembea huku amembeba. Kiroboto ni bapa ubavuni na huruka kwa miguu ya nyuma. Huyu ni mviringo, na hujifyatua kwa uma uliokunjwa chini ya tumbo.

Kilichoniudhi zaidi ni huo ushauri wa kumwaga sabuni au mafuta ya taa. Kolembola husimama juu ya maji kwa sababu mwili wake hauloi. Sabuni ikidhoofisha utando wa juu wa maji, huloa na kuzama. Lakini utando huohuo unawabeba pia buibui na wadudu wanaowinda hapo, nao huangamia pamoja. Jirani yangu alifuata ushauri wenu. Kolembola walirudi kutoka kwenye majani mabichi ya ukingoni. Buibui sijawaona tena. Huko Australia wakulima wanalijua hili kwa ndugu yao Sminthurus viridis, anayetafuna malisho: dawa za kuua wadudu za aina ya pairethroidi hazimtishi sana, ila huua utitiri unaomla.

Na picha zenu! Kila mdudu anajaa ukurasa, hakuna kipimo. Msomaji atajuaje kama ni kitu cha milimita 1 au cha sentimita 3? Chapeni mstari wa milimita 1 kando ya kila picha. Mwandishi achote maji ya ukingoni kwa sahani nyeupe, amwokote mdudu kwa brashi laini iliyoloweshwa, amtie kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Asimweke kwenye chupa kavu, atasinyaa asitambulike. Kisha ampelekee mtaalamu wa wadudu kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Masahihisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, toleo lijalo.

Msomaji wenu